Mraba wa Madame Djoya

Siku hizi ukimwambia mtu uliwahi kukaa Guangzhou, China, anakuuliza ulikuwa ukileta kontena ngapi. Sisi tuliokwenda mwanzo, miaka ya tisini na saba, tisini na nane, tukikutana hapa Darajani, Unguja, tunaulizana habari za watu. Yule wa ghorofa ya tatu alifika kwao salama? Yule aliyekuwa akituimbia kwenye ngazi yu hai? Na kila mara jina linalonijia mimi mdomoni ni la Mama Élodie, Mkongomani wa Lubumbashi, Françoise kwa jina la ubatizo. Nilipanga naye nyumba katika mtaa wa Sanyuanli, nikagombana naye karibu kila wiki, na mpaka leo sijapata jirani wa kufanana naye.

Sanyuanli ya wakati ule haikuwa hii wanayoisimulia vijana. Weusi tulikuwa wachache hata ukimwona mwenzio ng'ambo ya barabara unampungia mkono, humjui wala hakujui. Chini ya nyumba yetu palikuwa na ofisi ya wasafirishaji mizigo, marobota yamejaa mpaka mlangoni, inabidi upite kiubavu. Kwenye ngazi majirani walianika samaki wa chumvi juu ya kamba za nguo, na asubuhi mvuke wa maandazi yao yale meupe ulikuwa ukipanda mpaka dirishani kwetu. Nilikuwa nikilalamika kutwa kuhusu wale samaki. Leo harufu kama ile ikinipita sokoni, moyo unaniuma kwa hamu.

Françoise alikuwa mwanamke wa mwili, wa mwendo wa taratibu, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Tukienda soko la Zhongda kutafuta vitambaa, mimi nilikuwa nakwenda mbio duka hadi duka. Yeye alikuwa anasimama, anafumba macho, anakisugua kitambaa kati ya vidole viwili. Laoban mwenye duka anasubiri, mimi nasubiri, wasukuma mikokoteni wanatupigia kelele tuwapishe. Aliniita Mama Swalha, ingawa Swalha ni jina langu mwenyewe, sijazaa Swalha yeyote. Kwao ndivyo wanavyopeana heshima. Nami nikamwita kwa jina la binti yake, aliyekuwa amebaki Lubumbashi akisomea ualimu.

Siku tuliyohamia nilimweleza, kwa ukali wangu wa kawaida, kwamba mimi Mwislamu na kitimoto kisikaribie sufuria zangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akapanga sufuria zake rafu ya kushoto, zangu akaziweka kulia, kisha akaniuliza kama na maziwa tuyatenge na nyama. Nikamwuliza maziwa yamefanya kosa gani. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ndivyo ilivyokuwa jikoni kwa Madame, vyombo vya maziwa huku, vya nyama kule, na mtoto akichanganya vijiko anatolewa nje. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari za Madame Djoya.

Madame Djoya alikuwa Myahudi. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rhodes, kule kati ya Wagiriki na Waturuki, wakaja Kongo enzi za Wabelgiji pamoja na jamaa zao wengi, wakafungua maduka ya vitambaa katika mji ambao sasa ni Lubumbashi. Mumewe aliuza, yeye alichora. Michoro ya vitenge vya dukani kwao ilitoka mkononi mwake, inapelekwa Ulaya kuchapwa, inarudi kwa marobota, kisha wanawake wa mjini wanaipa majina wanayotaka wao. Mmoja ulikuwa na makomamanga yaliyopasuka, mbegu nje. Wanawake waliuita Mdomo wa Mke Mwenza, na Madame alipofasiriwa alifurahi kuliko alivyofurahia mauzo.

Lakini hiyo ilikuwa kazi ya duka. Kazi yake ya moyo ilikuwa ya sindano. Kila alasiri aliketi barazani akitarizi, na mama yake Françoise, aliyekuwa akimfulia na kumpigia pasi, aliketi karibu naye akirudishia vifungo. Françoise alikuwa akitunga uzi, kwa sababu macho ya Madame yalikuwa hayaoni vizuri vitu vya karibu. Alianza kazi hiyo akiwa na meno ya utoto, akaendelea mpaka akawa msichana wa kuposwa. Madame alimfundisha kuzijua rangi bila majina, kwa kuzilinganisha tu: nipe nyekundu ya udongo wa huku, nipe buluu ya mlango wa bibi yangu. Françoise hakuwahi kuuona mlango wa bibi huyo, lakini aliijua buluu yake.

Mwaka sabini na tatu serikali ya Zaire ilichukua maduka ya wageni ikawapa wananchi. Madame na mumewe wakafunga mizigo kwenda Ubelgiji. Siku ya kuondoka, gari linanguruma nje, Madame alimwita Françoise jikoni, akampa kitambaa kilichoviringishwa, akambusu mashavu yote mawili na kumwambia, chukua, binti yangu. Hakusema zaidi. Françoise alipokifungua nyumbani kwao, gari lilikuwa limeshafika mbali.

Nilikiona kitambaa hicho baada ya kukaa naye miezi mingi. Alikiweka ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na kuta za chumba chake zilikuwa tupu kama za hospitali. Siku aliyonionyesha alinawa mikono kwanza, akaniamuru na mimi ninawe. Kilikuwa kitani cha buluu iliyokolea, ukubwa wa msala wa kuswalia. Katikati kilisimama kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vyao vikubwa vya Katanga, chenye vijilango na madirisha kama mtaa mzima, na juu yake umeota mkomamanga. Mizizi yake ilionekana ndani ya kichuguu ikipita chumba kwa chumba. Chini pametandazwa kokoto nyeusi na nyeupe, ndivyo zilivyo nyua za nyumba za Rhodes, alinieleza, na kwa mbali bomba la kiwanda cha shaba likitoa moshi wa hariri ya kijivu. Nimeuza vitambaa tangu usichana wangu na sijaona kazi ya mkono kama ile. Nilitamani kulia, nikajizuia, maana sikutaka anione.

Halafu nikaona kasoro. Chini ya mchoro, katikati, palikuwa na mraba wa ukubwa wa kiganja ambao haukuguswa na uzi. Buluu tupu. Mimi ni muuza kanga, mtoto wa muuza kanga, na jicho langu halijui kusoma kitambaa kwa njia nyingine: nimeona pindo pande zote nne, nimeona mji, na pale panapokaa maneno ni patupu. Nikamwambia Françoise kwamba Madame wake alisahau kuandika jina. Nikaanza hata kumtungia.

Alikiviringisha polepole. "Bado kuisha," akasema. "Madame hakumaliza. Na kitu yenye haijaisha, mutu hakupatie, anakuwekesha tu. Haiko yangu, Mama Swalha. Iko ya Madame."

Hapo ndipo nilipoelewa zile kuta tupu. Kwa Françoise kile kitambaa kilikuwa amana. Hakukitundika, hakukitandika, hakumwachia mtoto akishike. Mwaka wa uporaji, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipovunja nyumba mtaani kwao, alikifunga tumboni chini ya kitenge akakimbia nacho kama mjamzito, akaacha redio na mashine ya kushonea. Alikuwa akingoja siku Madame atakaporudi, aketi, aombe uzi, ajaze mraba wake. Yeye Françoise angetunga sindano.

Katikati ya tisini na nane Élodie akaposwa. Kwao arusi bila kitenge cha sare haiitwi arusi. Mama, mashangazi, majirani, wote wavae mchoro mmoja. Na mama wa bibi arusi ndiye aliyekuwa Guangzhou, mji ambao unaweza kuchapisha kitambaa chochote ukitakacho. Élodie hakutaka kingine ila kile alichokichungulia utotoni, mkomamanga juu ya kichuguu. Mama yake akakataa. Alisema hawezi kuchapa kazi ya mtu bila ruhusa yake, tena kazi ambayo haijaisha. Élodie akalia kwenye simu, Françoise akaweka simu chini akalia jikoni, na mimi nilikuwa pale pale nikikaanga vitunguu, sijui nimbembeleze nani. Arusi ilipangwa baada ya Pasaka. Ilibidi Madame apatikane kabla ya hapo, la sivyo binti angeolewa kwa kitenge cha kuokota dukani na hasira ambayo ingemfuata mpaka uzeeni.

Nilimwambia ukweli wangu. Nilimwambia Madame kama yu hai basi ni bibi kizee, yuko Ubelgiji au yuko peponi, na hajui hata kama Françoise anaishi China anakula wali kwa vijiti. Akaninunia kwa siku kadhaa. Nilipoona chai yangu haitengenezwi tena asubuhi, nikaenda kumwomba radhi, na yeye akanisamehe kwa sharti kwamba nimsindikize Zhongda.

Alitaka sampuli tu, kipande kimoja, ili ruhusa ikipatikana kazi ianze bila kuchelewa. Alikipeleka kitambaa kwa laoban Liang, mchapaji wa vitenge, mzee mpole mwenye chupa yake ya chai mkononi tangu asubuhi mpaka anafunga duka. Akasimama naye wakati kitambaa kinapigwa picha, akakichukua tena papo hapo. Tuliporudi kuitazama sampuli, rangi zilikuwa sawasawa, mizizi yote ilikuwepo, lakini ndani ya mraba Liang alikuwa amechora ua jekundu, zuri kabisa, kwa sababu aliona pengo akadhani ni pale kitambaa kilipoharibika. Alitaka kutufurahisha. Sijawahi kumwona Françoise amekasirika vile. Aliweka kidole juu ya ua lile na kutumia neno ambalo wauzaji wa mji ule walitukatalia nalo kila siku ya Mungu, kwamba hakuna, kimekwisha, nenda zako.

"Hapa," alimwambia Liang, "mei you."

Mzee wa watu alinitazama mimi, nikainua mabega. Akaahidi kulifuta ua. Njiani kurudi, basi lilipovuka mto, Françoise aligeuza uso dirishani.

Ikaja Oktoba na Maonesho makubwa ya biashara. Wakati wa Maonesho dunia nzima ilikuwa ikimwagika jirani na stesheni ya reli. Hoteli zinajaa, njia za soko la Zhanxi hazipitiki, na kila laoban anavaa tai. Sisi wengine tulijificha mpaka wapite. Françoise alifanya kinyume. Kila Maonesho alikuwa akivaa vizuri, anasimama karibu na lango mfuko wake kwapani, anatega sikio. Akisikia Kifaransa anasogea, anaamkia, anauliza kama wametoka Ubelgiji, kama wanawafahamu Wayahudi wa Rhodes, kama wamepata kumsikia Madame Djoya aliyekuwa na duka Lubumbashi. Wengi walidhani anauza kitu. Nilikuwa nikimtania kwamba atachukuliwa kuwa mhubiri. Safari ile sikumtania, nilikwenda kusimama naye.

Ndipo tulipompata Ester. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Istanbul, nywele za mvi zimekatwa fupi, vidole vina madoa ya rangi yasiyotoka. Amekuja na kaka yake mfanyabiashara wa vifungo, lakini yeye alikuwa msanii. Anachora juu ya hariri, na anakata picha kutoka kwenye karatasi kwa kisu kidogo, ua kwa ua, jani kwa jani. Françoise alipomwuliza maswali yake alitikisa kichwa, hakumjua mtu huyo. Lakini jina la Djoya lilimsimamisha. Alisema na yeye ni Myahudi, na shangazi yake anaitwa hivyo hivyo, kwani wao na watu wa Rhodes ni lugha moja na nyimbo moja. Akauliza kuna nini ndani ya mfuko. Françoise hakuwa wa kufungua amana barabarani, kwa hiyo akamwalika chakula cha mchana Jumapili.

Ester alifika na maua. Aliuliza kwa aibu kidogo kama chakula kimepikwa na nyama ya nguruwe, Françoise akamwonyesha rafu ya kulia kwa fahari, sufuria zangu, kama vile yeye ndiye aliyezileta kutoka Zanzibar. Tulikula samaki wa kupaka kwa nazi ya kopo. Baada ya hapo meza ikafutwa, ikatandikwa shuka safi, tukanawa mikono wote watatu, na kitambaa kikafunguliwa. Walizungumza Kifaransa, na Françoise alikuwa akinigeuzia kila jambo kwa Kiswahili, kidogo kidogo.

Ester akainama karibu nacho. Alipitisha mkono juu ya mizizi, juu ya kokoto, akafika kwenye mraba na kuuacha mkono wake pale. Françoise akaharakisha kumweleza kwamba hapo Madame hakuwahi kumaliza, mambo ya serikali yalimkuta, na ndiyo maana anamtafuta.

Ester akatabasamu. Alisema kwao, watu wa zamani walipojenga nyumba waliacha kipande cha ukuta bila kupaka chokaa, ili wakiwa katikati ya raha zao waikumbuke nyumba ya ibada iliyobomolewa kule Yerusalemu. Si wote wanaofanya hivyo siku hizi. Lakini bibi yake alifanya, na hakuishia ukutani. Kila mto alioutarizi, kila pazia, aliuachia mahali pasipo kitu. Yeye mwenyewe akikata karatasi zake huacha kona moja bila kuigusa na kisu. Alisema haoni hapo kazi iliyokatizwa. Anaona mkono wa mwanamke aliyejua anachofanya.

Françoise akabisha. Alisema Madame angemwambia. Ester hakubishana naye, alikigeuza tu kitambaa upande wa nyuma. Kule kilikuwa na bitana ya hariri ya kijivu, imeshonwa kwa mkono pembe zote nne, mishono midogo kama ufuta. Akauliza bitana ile iliwekwa na nani. Françoise akajibu ni Madame mwenyewe, wiki ile ya mwisho, na uzi wa kijivu aliutunga yeye. Alidhani ni ya kukikinga kitambaa na safari.

Ester akamwuliza, "Mtu anatia bitana kazi ambayo bado anataka kuichoma sindano?"

Mimi na Françoise tulitazamana. Watu wawili tunaokula kwa vitambaa, tunaovaa vitambaa, tunaolala juu ya marobota ya vitambaa, na hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza swali hilo. Ukishatia bitana, umemaliza. Mtoto wa fundi cherehani anajua. Nikaona uso wa Françoise unabadilika, na mambo yakaanza kumrudia moja baada ya jingine: picha ya uzi iliyokuwa chumba cha kulia, yenye pembe tupu ambayo yeye alidhani imeliwa na nondo, pazia la sinagogi, ambalo Madame alilishona kutokana na gauni lake mwenyewe la arusi, na pale chini palikuwa na mahali pa ukubwa wa kiganja pasipo na ua. Alikuwa amepiga pasi pazia lile mwenyewe, zaidi ya mara moja. Zote zilikuwa na mraba wake.

Akauliza kwa Kifaransa, taratibu, na safari hii hakusahau kunigeuzia. Alikuwa anataka kujua kama siku ile jikoni, gari linanguruma, kitambaa kilikuwa kimeisha. Ester akasema ndiyo, kilikuwa kimeisha.

Françoise alikaa. Alikivuta kitambaa mapajani, na bila kututazama akasema, "Basi alinipatiaka."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na Ester, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kulia nasi, naye akalia. Nilijua analilia vitu viwili kwa wakati mmoja. Hakuna atakayerudi kujaza ule mraba. Hakukuwa na ahadi, hakukuwa na sindano ya kutunga. Robo karne alijiona mlinzi wa mali ya mtu, na kumbe Madame, katika vyote alivyoshindwa kuvichukua na vyote alivyoweza kuvichukua, alikuwa amechagua hiki ampe yeye, mtoto wa mfuaji. Alimpa siku ile ile, akambusu, akamwita binti yangu. Françoise ndiye ambaye hakusikia.

Ester alipoondoka, Françoise aliniuliza kama nina msumari. Tulipigilia kwa kisigino cha kiatu changu, mwenye nyumba akaja kugonga mlango, nikamfukuza kwa Kichina changu kibovu. Ndio ukawa ukuta wa kwanza wa Françoise kuvaa kitu tangu nimjue. Kesho yake alimpigia simu Élodie, na kabla ya mwisho wa wiki tulikuwa Zhongda kwa Liang. Mzee alitaka kuhakikisha, akaweka kidole kwenye mraba na kututazama kwa wasiwasi. Françoise akamwambia mei you, lakini mara hii alisema akicheka, na Liang naye akacheka, akajaza vikombe vya chai.

Maonesho ya Aprili Ester alileta habari kutoka kwa jamaa zake wa Brussels. Madame Djoya alifariki zamani, Élodie akiwa bado anatambaa. Françoise alilisikiliza hilo kwa utulivu, akawasha mshumaa, akakaa mbele ya ule ukuta alasiri nzima. Vitenge vilikuwa vimeshafika Lubumbashi, na ruhusa aliyokuwa akiihangaikia alikuwa nayo tangu usichana wake.

Picha ya arusi ninayo mpaka leo. Wanawake wamejipanga safu tatu, kichuguu na mkomamanga kila mahali, na kwa kuwa kila mmoja alijifunga anavyojua, mraba wa huyu uko begani, wa yule uko nyongani, wa bibi mmoja mnene umekaa katikati ya tumbo kama mfuko wa kangaruu. Françoise yuko mwisho kulia, anatazama pembeni, amechoka, amependeza. Alirudi kwao miaka michache baadaye. Tuliagana Sanyuanli chini ya wale samaki, na tundu la msumari tulimwachia mwenye nyumba.

Kipande changu cha kitenge kile, alichonipa Françoise, ninakivaa hapa Unguja kwenye shughuli. Wifi zangu wanakigeuza huku na huku wananiuliza mbona hakina maneno. Zamani nilikuwa nikiwaeleza tangu Rhodes mpaka Lubumbashi mpaka Sanyuanli, chai inapoa. Sasa nawaambia kwamba kimekwisha hivyo hivyo, aliyekitengeneza alimaliza, na mwenzangu alipewa.